Mara 31 kabla ya saa nne

Siku ya tatu tangu nifunge sensa za kugonga kwenye foko zetu, yaani forklift za kunyanyulia mizigo ghalani, namba nne ilikuwa imeripoti kugonga mara 31, na saa nne asubuhi haijafika. Meneja akanionyesha simu yake: "Fundi, huyu mzee kalewa?"

Mzee mwenyewe tunamwita Babu. Anaendesha foko kama mtu aliyebeba trei za mayai. Hapo hapo nikahisi aliyekosea ni mimi.

Nilikuwa nimeacha kiwango cha kulia kilichokuja na sensa, g 1.5 pande zote, nikaenda zangu kunywa chai. Sensa hiyo ni kidude cha ukubwa wa kiberiti. Kinapima mtikisiko wa mbele na nyuma, wa kushoto na kulia, na wa juu na chini. g 1 ni nguvu ile ile ya mvuto inayotukalisha kitini. Sasa foko haina springi wala shokapu, na matairi ya zetu ni mpira mtupu usio na upepo. Kila ufa wa sakafu unapanda moja kwa moja hadi kwenye chesisi.

Kupanda foko kama abiria ni marufuku, kwa hiyo nilimfuata Babu kwa miguu, kompyuta mkononi. Alikuwa anashusha kontena la futi 40. Pale mlangoni pana bamba la chuma la kuvukia kati ya ghala na kontena, limebonyea upande mmoja. Anaingia mtupu: gwa! magurudumu ya mbele. Kama sekunde moja hivi: gwa! ya nyuma. Anatoka na paleti ya tani moja, taratibu, foko imelala chini ya mzigo, na sensa iko kimya. Kwenye mchoro wa kompyuta naona miiba miwili miwili, yote ya juu na chini, myembamba kama sindano. Ameingia mara 15. Hiyo ni 30.

Ikabaki moja, ya ubavuni, g 1.6, nene kuliko zote, yaani imedumu zaidi.

"Hiyo yangu," Babu akasema kabla sijamaliza kuuliza. Akanipeleka kwenye raki ya tatu. Nguzo imepinda usawa wa goti, rangi imebanduka. "Nilitaka nije nikwambie, mwanangu. Lakini hili dude lako limelia tangu asubuhi, nikaona nani atanisikiliza?"

Sikuwa na jibu. Tuliwaondoa watu pale, tukashusha paleti zote za safu ile.

Kazi yenyewe baada ya hapo haikuwa kubwa. Sensa niliyokuwa nimeibandika kwa gundi kwenye kava la injini, ambalo nalo linatetemeka (uvivu wangu huo), niliihamisha kwenye chesisi na kuikaza kwa bolti mbili. Foko nikaisimamisha mahali tambarare, meno ya kubebea mzigo chini, ndipo nikaisawazisha sensa upya. Juu na chini nimepandisha hadi g 3, tena mtikisiko usiodumu hausajiliwi. Ubavuni na mbele nimeshusha hadi 1.2. Namba hizo ni za sakafu yetu, usizinakili.

Tuliyobishana sana na meneja ni adhabu. Yeye alitaka foko ikigonga izime papo hapo. Nikamwambia, ikizima meno yakiwa juu na mzigo je? Tukakubaliana itembee polepole tu hadi msimamizi aje na kadi yake. Na wiki mbili za mwanzo sensa irekodi bila kulia, bila majina kupelekwa ofisini.

Jana namba nne imeripoti mara moja. Nilikwenda kuangalia: paleti iliangushwa, Babu alikuwa ameshaniandikia meseji. Bamba la mlangoni bado limebonyea. Fomu ya kuomba jipya nimeipeleka mara mbili.