Kijana Aliyebaki Benchi

Masomo ya juma: Yohana 13:3–9, 1 Samweli 23:15–18

Wapendwa katika Bwana, usiku wa tarehe 8 Januari 2018, katika jiji la Atlanta nchini Marekani, kijana wa miaka 19 aitwaye Jalen Hurts aliingia chumbani wakati wa mapumziko akiwa kiongozi wa mashambulizi wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Alabama, na timu iliporudi uwanjani nafasi hiyo haikuwa yake tena. Ilikuwa fainali ya ubingwa wa vyuo. Alabama walikuwa nyuma kwa 13–0 dhidi ya Georgia, na katika mipira 8 aliyoirusha Hurts ni 3 tu iliyowafikia wenzake. Kocha Nick Saban akamwingiza Tua Tagovailoa, kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Hawaii, naye akaigeuza mechi hata ikaingia muda wa nyongeza, kisha akaimaliza kwa kurusha mpira wa yadi 41 uliodakwa na DeVonta Smith. Alabama wakatwaa ubingwa kwa 26–23.

Kwa wasioufahamu mchezo huu, nafasi aliyoipoteza huitwa kwotabeki. Ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa kila shambulizi na kuamua, ndani ya sekunde chache, kama ataurusha, atampa mwenzake au atakimbia nao mwenyewe. Timu huwa na mmoja tu uwanjani, kwa hiyo akiingia mwingine, wa kwanza hana pa kuhamia isipokuwa benchi.

Tena Hurts hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Alilelewa Channelview, karibu na Houston, na baba yake, Averion, ndiye aliyekuwa kocha wake shuleni. Alipofika Alabama mwaka 2016 aliingizwa katika mechi ya kwanza ya msimu, akaupoteza mpira mara ya kwanza alipoupokea, lakini siku ile ile akatoa pasi mbili za mabao na kufunga mengine mawili kwa mbio zake, na timu ikashinda 52–6. Muda mfupi baadaye akawa mwanafunzi wa kwanza wa mwaka wa kwanza kuanza mechi katika nafasi hiyo chuoni hapo baada ya miaka 32, na msimu ulipokwisha alichaguliwa mshambuliaji bora wa ukanda wao. Tukiuhesabu na usiku ule wa Atlanta, alikuwa ameanza mechi 28 na timu ilikuwa imefungwa 2 tu. Hakuondolewa kwa uvivu wala kwa utovu wa nidhamu. Aliondolewa kwa sababu usiku ule mwingine alihitajika zaidi, na jambo hilo ni gumu kulipokea kuliko adhabu, kwa maana mwenye kuadhibiwa hujua angalau la kutubu.

Kamera zilimwonyesha kando ya uwanja akimshangilia Tua na kumkumbatia, na waandishi walipomuuliza alimsifu mwenzake. Tusiharakishe, hata hivyo, kumfanya malaika. Mwezi Agosti mwaka huo alisema mbele ya waandishi kwamba katika miezi yote iliyopita hakuna aliyemwendea kumuuliza anajisikiaje, hata makocha. Mimi binafsi nayathamini maneno hayo kuliko makumbatio, kwa sababu katika makanisa yetu tumezoea kumsifu anayeumia kimya kana kwamba ukimya ndio unyenyekevu. Daudi alimlalamikia Mungu waziwazi, na zaburi zake tunaziimba hadi leo. Hurts aliyasema yaliyomuuma, kisha akarudi mazoezini.

Msimu wa 2018 ulikuja na kanuni mpya iliyomruhusu mwanafunzi kucheza hadi mechi 4 bila kuhesabiwa kwamba ametumia mwaka mmoja wa ustahiki wake, yaani miaka michache anayoruhusiwa kuchezea chuo, na wengi walitazamia kwamba angeondoka baada ya mechi ya nne ili autunze mwaka huo kwa chuo kingine. Alicheza ya tano. Akabaki nyuma ya Tua msimu mzima, akiendelea na masomo ambayo aliyahitimu Desemba, bila ahadi yoyote kwamba angehitajika. Tarehe 1 Desemba, katika uwanja ule ule wa Atlanta na dhidi ya Georgia wale wale, Tua aliumia kifundo cha mguu timu ikiwa nyuma kwa 28–21. Hurts akaingia, akasawazisha kwa pasi, na dakika ya mwisho ikikaribia akakimbia mwenyewe yadi 15 na kufunga. Mechi ikaisha 35–28, na Saban, ambaye si mwepesi wa kuonyesha hisia, alishindwa kuificha fahari yake.

Hurts amepata kuutaja hadharani mstari wa Yohana 13:7: “Nifanyalo wewe hujui sasa, lakini utalifahamu baadaye.” Ni rahisi kuusoma mstari huu kana kwamba Bwana anamwahidi kila aliyewekwa kando kwamba atarudishwa. Lakini tazameni ulisemwa wapi. Petro hakuwa amenyang'anywa kitu. Alikuwa anakataa kuoshwa miguu na Bwana wake aliyejifunga kitambaa kama mtumwa. Lile ambalo angelifahamu baadaye ni kazi ya kushuka chini kwa ajili ya wengine. Kwa jinsi ninavyoyasoma masomo haya mawili pamoja, sehemu ya maisha ya kijana huyu inayofanana na mstari huo ni miezi ile ya kukaa benchi na kumsaidia mwenzake ajiandae. Dakika zile za Desemba ziliongezwa tu.

Ndiyo maana nimeliweka pembeni yake somo la Yonathani. Yeye alikuwa mwana wa mfalme, na kwa desturi kiti kilikuwa chake, lakini alimpa Daudi joho lake na upanga wake, kisha akamfuata katika mwitu wa Zifu ili kumtia nguvu katika Mungu, akisema kwamba Daudi atakuwa mfalme naye atakuwa wa pili wake. Hata huo upili hakuupata. Hurts alihamia Oklahoma mwaka 2019, akaingia ligi ya kulipwa mwaka uliofuata, na Februari 2025 aliiongoza Philadelphia Eagles kutwaa ubingwa akiwa mchezaji bora wa fainali. Yonathani aliuawa juu ya mlima Gilboa kabla rafiki yake hajatawazwa. Tunaposoma juma hili katika vikundi vyetu, tumwombee kwa jina kila aliyekabidhi kwaya, darasa au uongozi kwa mwingine mwaka huu, na kabla ya kumwombea tumwendee, tumuulize anajisikiaje.