Jikoni Kwanza, Sebule Baadaye

Kikao cha leo cha sisi tunaojitolea kutunza nyumba ya zamani ya walowezi kimekwisha kwa ubishi, nami nimerudi na mengi kifuani. Ubishi ulianzia ukutani. Mwenzetu mmoja anataka tuukwangue ukuta wa nyuma, ule unaomeguka chokaa, tuupige lipu ya saruji na kuupaka rangi nyeupe ili wageni wakute nyumba inang'aa. Nia yake ni njema. Ila saruji naiogopa.

Nyumba hizi za mawe au matofali yaliyoshikanishwa kwa chokaa hupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, au unaoingia na mvua, hupenya kwenye chokaa, ukatoka nje na kukauka. Ukiuziba ukuta kwa saruji, maji hukwama ndani. Yatatafuta njia kupitia jiwe lenyewe, na ncha za boriti zilizozama ukutani zitaanza kuoza. Kwa miaka kadhaa ukuta utaonekana mzima, kumbe unaliwa kwa ndani. Chokaa iliwekwa pale iwe laini kuliko jiwe makusudi: ichakae yenyewe, itolewe, itiwe nyingine, na jiwe libaki. Nikiona unga wake umemwagika chini ya ukuta, mimi naona kazi iliyofanyika sawasawa.

Nikawasihi tuanze na paa na mifereji ya mvua. Nyumba ya kale huuawa na maji kabla haijauawa na umri, na mfereji uliozibwa na majani huharibu zaidi ya miaka mingi ya upepo na jua. Fundi wa chokaa atafuata. Rangi haina haraka.

Mkataba wa Venice wa 1964, ambao wahifadhi wa majengo duniani bado wanaurejea, unataka ukarabati ukome pale makisio yanapoanza, na kipande kipya kisijifanye cha kale. Mkataba wa Burra, uliopitishwa Australia mwaka 1979, unashauri kufanya yote yanayolazimu, lakini kubadilisha kidogo iwezekanavyo. Nayapenda sana maneno hayo kwa sababu yanamzuia mtu kuijengea nyumba historia ambayo haikuwa nayo. Ubao uliooza utolewe, mpya utiwe, na atakayeinama kuutazama auone kuwa ni mpya.

Kisha kijana mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza kwa nini tunaihifadhi nyumba hii hata kidogo. Alisema kila dirisha lake linatazama ardhi iliyokuwa na wenyewe. Watu walinyamaza. Mimi naona swali lake lilistahili kutangulia hata ule ubishi wa chokaa, na kuhusu ardhi amesema kweli. Lakini nyumba ikianguka, ushahidi unaanguka nayo. Pakibaki kiwanja kitupu, mtoto wa shule hataona unene wa ukuta ule wala upande mlango ulikoelekezwa, na mambo hayo mawili yanaeleza waziwazi walowezi walimwogopa nani na walitaka kumwona nani akija.

Namna ya kuisimulia ndiyo kazi. Kule New Zealand, nyumba ya misheni ya Kerikeri, jengo la Kizungu kongwe kuliko yote yaliyobaki nchini humo, ilijengwa mwaka 1821 na 1822. Wamisionari hawakuwa na nguvu ya kukaa pale bila ulinzi wa chifu Hongi Hika, na Wamaori, wenyeji wa nchi hiyo, walishiriki kuijenga. Ukiisimulia kama nyumba ya Wazungu peke yao, umesimulia nusu. Kule Massachusetts nako, makumbusho ya makazi ya Waingereza waliofika kwa meli ya Mayflower mwaka 1620 yana upande wa Wawampanoag, wenyeji wa nchi ile, na tangu 2020 jina lenyewe la makumbusho linataja Patuxet, kijiji chao kilichokuwepo pale kabla meli haijatia nanga. Walowezi hawakufutwa. Waliwekwa katikati ya watu waliokuwepo.

Na raha je? Wapo wanaodhani elimu na starehe haviketi pamoja. Elizabeth Farm, nyumba ya walowezi iliyoanza kujengwa mwaka 1793 huko Parramatta, Australia, haina kamba wala vizuizi. Samani zake ni nakala, hivyo mgeni anaketi kitini, anafungua kitabu, anagusa meza. Huko ndiko ningependa nasi tufike. Mtoto aliyekatazwa kugusa kila kitu hukumbuka katazo tu. Mtoto aliyeinua ndoo iliyojaa maji, akaihisi ikimvuta bega, amejua jambo kuhusu siku ya mtu aliyeishi humo.

Ndoo hiyo ndiyo inayonirudisha jikoni. Katika nyumba yetu sebule imefagiliwa, pazia zimefungwa ili jua lisichujue vitambaa, na picha za familia zimepangwa vizuri. Jikoni tumerundika viti vibovu na makopo ya rangi. Huko ndiko walikofanya kazi watu ambao picha zao hazipo ukutani: waliopasua kuni, wakateka maji na kufua. Moshi wao ungali umeganda kwenye dari, na naomba mtu asije akausugua. Jiko limechimbika upande mmoja kwa miaka ya kuchochewa. Hakuna kitu sebuleni kinachonigusa kama lile shimo.

Nimemwomba yule kijana aandike maelezo ya chumba hicho kwa maneno yake, akakubali baada ya kusitasita. Nami katika kikao kijacho nitaomba viti na makopo yatolewe jikoni kabla ya mtu yeyote kutaja rangi ya sebule.