Jinsi nilivyolifufua trekta la babu, Nachingwea

Trekta la babu, Massey Ferguson 135, lilikaa chini ya mkorosho miaka 6. Mafundi magari wa mjini walilitazama, wakaniambia niliuze chuma chakavu. Iliniuma sana.

Msaada niliupata kwenye mashine ya kusaga. Fundi wa pale, mzee, amezoea injini za dizeli za zamani. Alipoiona injini ya trekta, ile Perkins ya silinda 3, akasema, "Mjukuu wangu, hii haijafa. Inavuta upepo kwenye njia ya dizeli."

Akaanza na pampu ndogo ya dizeli, ile yenye kiwiko cha mkono ubavuni mwa injini. Mpira wa ndani ulikuwa umechanika. Nikaagiza mwingine Kariakoo, nikawatumia picha na namba ya injini. Bila namba utaletewa usioingia. Tukasafisha tangi, tukabadilisha filta. Kisha akalegeza skrubu ya filta, nami nikapiga kiwiko polepole: mapovu, mapovu, mapovu, hadi dizeli ikatiririka safi. Akakaza. Akarudia kwenye pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli, mwisho kwenye nati za nozeli zenyewe, zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda, huku nikipiga stata.

Moshi mzito, kisha mngurumo. Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi, analia.