Kile kimya katikati ya mkoromo

Kwa miaka mingi nilimsukuma mume wangu kwa kiwiko ili ageuke, nikidhani tatizo ni kelele. Kumbe cha kuogopa kilikuwa kile kimya. Anakoroma, ghafla kimya, kifua kinahangaika lakini hewa haipiti, kisha anashtuka kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Usiku mmoja nilihesabu: sekunde 25. Nililia gizani.

Yeye hakujua lolote. Alijua tu kwamba anaamka kichwa kinamuuma, mdomo umekauka, na anasinzia hata akiwa kwenye usukani. Nikamrekodi kwa simu, tukaenda na ile video kwa daktari. Kipimo cha usingizi kilionyesha pumzi ikikatika au kupungua mara 38 kwa saa. Kuanzia 30 huhesabiwa kuwa hali kali. Misuli ya koo hulegea mtu akilala, njia ya hewa ikaziba.

Sasa analala na barakoa ya mashine inayosukuma hewa ili koo lisizibe. Wiki ya kwanza aliivua kila usiku, pua ikachubuka, hadi tulipopata saizi yake. Jana niliamka saa nane usiku, kwa mazoea tu, nikategea sikio. Alikuwa anapumua.