Kitabu cha kumi, jamani!

Nimekimaliza leo jioni ndani ya daladala, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine na simu.

Ni The Wheel of Time, mfululizo wa riwaya za fantasia wa Robert Jordan. Hiki kinaitwa Crossroads of Twilight, cha 2003. Mdogo wangu, aliyeniambukiza ugonjwa huu, alinionya mapema: "Dada, hicho ruka. Soma muhtasari tu."

Sikuruka. Mimi mbishi.

Cha tisa kiliisha kwa kishindo cha kutisha. Cha kumi kinafanya nini? Kinaturudisha nyuma, mhusika mmoja mmoja, washangae kishindo kilekile kwa mbali. Chai inanywewa. Anayegombea kiti cha enzi anaoga. Nikawawaza wale waliosubiri tangu cha tisa kilipotoka 2000, wakaishia kupewa maji ya kuoga. Walikuwa na haki ya kununa.

Halafu Perrin, mmoja wa wahusika wakuu.

Mkewe katekwa. Ana mateka mbele yake, na shoka mkononi. Analitumia. Kisha analitupa shoka lile alilolibeba vitabu vyote hivyo, anaondoka bila hata kuligeukia.

Nimepitiliza vituo viwili.

Nikamsimulia mdogo wangu, kacheka: "Kitabu kizima kwa ajili ya shoka?"

Ndiyo. Shoka.

Sasa nafungua cha 11, cha mwisho ambacho Jordan alikikamilisha mwenyewe kabla ya kufariki 2007. Naogopa kukimaliza haraka.

Mliosoma, semeni: cha kumi mlikiruka au mlivumilia? Ila atakayenifichulia mwisho, namblock!