"Ndiyo, daktari"

Leo nimemrudisha mama hospitali kupimwa tena tumbo kwa kamera. Miezi miwili imepita, na ile mara ya kwanza bado inaniuma.

Siku ile alipotolewa chumbani mimi nilikuwa dirisha la malipo. Daktari akamkuta macho wazi, akamweleza palepale: una kidonda, acha kabisa diklofenaki, hivyo vidonge vyako vya magoti. Mama akaitikia, "Ndiyo, daktari." Tulipofika nyumbani akaniambia daktari hakumwona. Nikajua majibu bado. Siku tisa nzima aliendelea kuvimeza na chai ya jioni, mpaka nilipopiga simu kuuliza.

Kumbe midazolamu, ile dawa ya kusinzisha waliyomchoma kabla ya kipimo, ndivyo ilivyo. Mtu anaitikia salamu, anavaa viatu mwenyewe, lakini anayoambiwa hayakai kichwani. Mimi sikujua. Wao wanaichoma kila siku. Kwa nini daktari azungumze na mgonjwa peke yake?

Leo tulipata muuguzi mwingine. "Shikamoo mama. Umekula nini tangu jana?" Mama akasema hajala kitu. Yule dada hakuandika kwanza, akavuta stuli akakaa. "Hata kama umekunywa uji sikurudishi nyumbani, tutasubiri tu. Ukilala tumbo lina kitu, kinaweza kupanda kikaingia mapafuni." Mama akanitazama, akainamisha kichwa. Kikombe kimoja, saa kumi na moja alfajiri. Tumetoka mbali, aliogopa kupoteza zamu. Hata mimi alinificha! Tukakaa kwenye benchi mpaka saa sita.

Halafu kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni kikakataa kusoma, maana kucha zake zina piko ya harusi ya juzi. Muuguzi akakihamishia kwenye ndewe ya sikio. Akamshika mama mkono wa kushoto: "Mpira ukiwa kooni huwezi kusema. Ukizidiwa, inua huu, tunasimama." Akamwinuisha mara tatu. Mara ya tatu mama alikuwa anacheka.

Kipimo kilipokwisha, daktari alinisubiri mimi. Kidonda kimeanza kufunga. Akaandika dawa na saa zake kwa Kiswahili, herufi kubwa, huku mama pembeni akiitikia, "Ndiyo, daktari."

Jioni hii ameniuliza, "Hivi daktari alikuja?"

Nimemsomea karatasi. Baada ya isha akaniuliza tena, nikamsomea tena.