Waya mweusi huku ndio wenye moto

Fundi aliyejifunza umeme Tanzania au Kenya miaka ya nyuma anajua hivi: mwekundu ni fezi (waya wenye moto), mweusi ni nyutro (wa kurudisha umeme), kijani ni athi (wa usalama, unaokwenda ardhini). Siku hizi kuna kahawia na bluu, lakini nyumba nyingi nyumbani bado zina rangi za zamani, na mikono yetu imezizoea. Hapa Marekani mweusi ndio fezi. Nyutro ni mweupe, na athi ni kijani au shaba tupu isiyo na ganda.

Naanza na hilo kwa sababu ndugu zetu wanaonunua nyumba huku Minnesota wanazidi kushika bisibisi wenyewe, na wengi wanaanzia gereji. Desemba, Minneapolis, jua linazama kama saa kumi na nusu jioni. Unatoka kazini giza limeshaingia, na gereji yenyewe ina balbu moja katikati ya dari. Yangu ilikuwa hivyo. Nilitaka swichi tatu kando ya mlango: ya dari, ya meza ya kazi, na ya taa ya nje.

Nyumbani ungenunua swichi ya gengi tatu, bamba moja lenye vibonyezo vitatu, ukaingiza fezi kwenye ya kwanza na kuirusha hadi ya pili na ya tatu. Huku kila swichi ni kifaa peke yake. Zinasimama bega kwa bega kwenye boksi moja, kisha zinafunikwa na kifuniko kimoja. Mimi napenda kuusokota waya mweusi unaotoka kwenye breka pamoja na vipande vitatu vifupi vyeusi, nikavivalisha kikofia cha plastiki, halafu kila kipande kiende kwenye skrubu ya swichi yake. Ukija kubadilisha swichi moja, huzigusi nyingine. Skrubu ya pili inapokea mweusi unaokwenda kwenye taa. Nyeupe zote zinakutana chini ya kikofia chao bila kugusa swichi, na athi nazo zina fungu lao, lenye kipande kinachokwenda kwenye skrubu ya kijani ya kila swichi.

Rangi peke yake usiiamini. Kwenye nyumba za zamani utakuta mweupe wenye moto, kwa sababu fundi alishusha kebo moja kutoka kwenye taa hadi swichi: waya mmoja wa kuleta fezi, mwingine wa kuirudisha. Siku hizi mweupe huo unatakiwa kuwekewa alama, kama tepu nyeusi, lakini kwenye nyumba hizo mara nyingi hauna. Kwa hiyo zima breka, jaribu testa kwenye soketi unayojua ina umeme, ndipo upime nyaya zote kabla ya kuzigusa.

Na tafadhali, tuache kuambiana kwamba umeme wa huku ni mdogo. Volti 120 zinaua. Tena hita ya wati 1,200 inayovuta ampea kama 5 nyumbani kwenye volti 240 hivi, huku inavuta 10. Breka ya ampea 20 inataka waya wa shaba namba 12, karibu milimita 3.3 za mraba, wakati taa za nyumbani tumezoea kuzipitishia 1.5.

Waya mnene unataka boksi kubwa, na hapa ndipo mafundi wetu wengi wanapokwama, maana nyumbani hatukufundishwa kuhesabu nafasi. Kanuni za umeme za hapa, NEC, zinahesabu karibu kila kilichomo kama nafasi ya waya mmoja au zaidi. Kebo moja ya kuingiza na tatu za kwenda kwenye taa zinaleta nyaya nane zenye ganda. Athi zote nne zinahesabiwa moja. Kila swichi inahesabiwa mbili, kwa hiyo sita. Vibanio vya ndani ya boksi, moja. Jumla 16, zidisha kwa inchi za ujazo 2.25 za waya namba 12, unapata boksi la inchi za ujazo 36. Chini ya hapo mkaguzi atalikataa, na ana haki: nyaya zilizoshindiliwa zinachubuka ganda na kulegea kwenye skrubu.

Mkaguzi mwenyewe msimkwepe. Jimbo hili linamruhusu mwenye nyumba anayeishi humo kuweka nyaya kwa mikono yake, mradi achukue kibali na kazi ikaguliwe. Mwiteni kabla hamjafunga jipsamu, nyaya zikiwa bado zinaonekana. Ataangalia pia kama kila waya umeachiwa angalau inchi 6 za kushika ndani ya boksi, na kama nyutro imefika hapo, kwani tangu toleo la 2011 NEC inaitaka kwenye boksi nyingi za swichi hata kama leo haina kazi. Kesho ukitaka swichi ya kihisi inayowaka ukiingia na mikono imejaa, utaihitaji.